Kibubu Hakilipi Ada ya Chuo

Asubuhi ya Idi mtoto wa Unguja au Pemba hushika pesa nyingi kuliko siku yoyote nyingine ya mwaka. Huzunguka kwa bibi, kwa ami, kwa shangazi, kwa jirani, kila mmoja akimpa sikukuu yake, na alasiri ikifika anapelekwa viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja, Kariakoo au Tibirinzi kwenda kuzimaliza: malai, bembea, bunduki ya plastiki itakayovunjika kabla ya magharibi. Sina ugomvi na jambo hili. Sikukuu ni ya kufurahi, na mzazi anayezichukua pesa za Idi za mtoto "amwekee" anajua mwenyewe zinakoishia. Tatizo ni kwamba kwa watoto wetu wengi somo la pesa huanzia hapo na huishia hapo. Siku chache za kushika na kutumia, kisha mwaka mzima wa kuambiwa "hayo mambo ya wakubwa".

Miaka inapita, mtoto yule yule anamaliza kidato cha sita. Ghafla anawekewa fomu mbele yake: chuo gani, fani gani, mkopo kiasi gani, mdhamini nani. Ndani ya wiki chache anatakiwa afanye ununuzi ambao kwa nyumba nyingi za visiwani unazidiwa na ujenzi wa nyumba yenyewe tu, na pengine harusi. Hajawahi kuambiwa baba yake anapata nini kwa mwezi. Hajui umeme wa nyumbani kwao unakula shilingi ngapi. Halafu tunashangaa akichagua fani kwa sababu rafiki yake ameichagua.

Ushauri wa kwanza unaotolewa kila mara ni kibubu: mfundishe mtoto kuweka akiba tangu mdogo. Sawa, tupige hesabu. Mtoto aweke Sh 200 kila siku ya skuli, tuseme siku 200 kwa mwaka, kuanzia darasa la kwanza mpaka kidato cha sita, bila ya kuruka hata siku moja (mtoto wa namna hiyo sijamuona, lakini tuseme yupo). Baada ya miaka 12 atakuwa na Sh 480,000. Bodi ya Mikopo ya Bara, tangu mwaka wa masomo 2022/23, inahesabu Sh 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa kipimo hicho, akiba ya utoto mzima ni siku 48 za kula na kulala. Ada bado haijatajwa.

Na hapo hatujagusa kupanda kwa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, laki moja iliyolala kibubuni miaka 10 itanunua vitu ambavyo leo vingenunuliwa kwa elfu sitini na moja hivi. Wazee wetu walilijua hili bila ya kuzitaja asilimia. Aliyepata kitu alinunua dhahabu, ng'ombe au mikarafuu. Noti hazikukaa ndani.

Kwa hiyo nadhani tumekuwa tukilitazama suala hili kwa upande usiofaa. Kumfundisha mtoto thamani ya pesa hakutampunguzia mzazi ada hata shilingi mia. Ada ni mzigo wa nyumba, na ikizidi uwezo wa nyumba ni suala la serikali na vyuo, si la mtoto na kopo lake. Faida iko kwingine: afike miaka 18 akiwa na uwezo wa kufanya uamuzi wa mamilioni, kwa sababu ameshafanya ya maelfu na ya malaki mbele ya macho ya watu wazima wake. Huko ndiko tulikolegea.

Tuna historia yetu katika hili. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Tangazo lile lilifungua milango kwa watoto ambao wazazi wao wasingethubutu hata kupita mbele ya skuli, na atakayelidharau hajui lilipotoka. Lakini chuo kikuu hakikuwamo katika picha ile. Hapa kwetu hakikuwapo kabisa. Waliofika ngazi hiyo walikuwa wachache na walikwenda Dar es Salaam, Makerere au ng'ambo, mara nyingi kwa ufadhili. Vyuo vikuu vya ndani vilianza mwaka 1998, Tunguu na Chukwani, kisha ikaja sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kilichofungua milango mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bodi ya Mikopo ya Zanzibar ikapata sheria yake mwaka 2011. Yaani ndani ya kizazi kimoja elimu ya juu imetoka kuwa jambo la wateule wachache wanaolipiwa, ikawa jambo la kila mtaa, na bili yake ikahamia mezani kwa baba na mama. Lugha yetu mbele ya watoto haikuhama. Bado wanasikia kwamba kusoma ni bure.

Mafundisho hayakutupungukia. Katika Suratun Nisaa, aya ya sita, wasimamizi wa mayatima wanaamrishwa wawajaribu mpaka wafike umri wa kuoa, na wakiwaona wanaweza kuitunza mali, wawakabidhi mali yao. Mafakihi wa Kishafi, madhehebu ya walio wengi hapa kwetu, walikaa wakajiuliza: kumjaribu vipi? Jibu lao ni la watu waliolijua soko. Mtoto wa mfanyabiashara ajaribiwe kwa kununua, kuuza na kupatana bei. Mtoto wa mkulima ajaribiwe kwa kilimo na kwa kuwalipa wanaofanya kazi shambani. Mtoto wa fundi, kwa kazi ya baba yake. Jaribio lirudiwe mara mbili au zaidi, na kauli yenye nguvu ni kwamba lifanyike kabla ya kubaleghe. Hata suala la mkataba hawakuliacha: mtoto apatane bei mwenyewe mpaka mwisho, lakini ikifika kufunga biashara, anayefunga ni walii, yaani msimamizi wake.

Hilo ni bora kuliko nusu ya vijitabu vya elimu ya fedha nilivyowahi kuvisoma. Pesa ni za kweli, kazi ni ile ile ya nyumbani, mtoto anakosea akiwa na mtu mzima pembeni, na anarudia. Hakuna anayehubiriwa. Hakuna pia kibubu.

Tulipeleke Pemba, kwa sababu huko ndiko mfano ulikonona. Nyumba ina mikarafuu yake kadhaa na binti aliye kidato cha tatu mwenye akili ya hesabu. Karafuu kavu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mnunuzi pekee anayetambuliwa, na kwa miaka kadhaa bei ya daraja la kwanza ilisimama kwenye Sh 14,000 kwa kilo. Tuseme ada ya chuo ni Sh 1,400,000 kwa mwaka. Nimeichagua namba hiyo kwa wepesi wa kugawa: ni kilo 100 za karafuu kavu za daraja la kwanza. Binti akisikia "kilo mia" anaweza kuziona. Anajua gunia lilivyo. Anajua pia kwamba karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi ya uzito wake, kwa hiyo kilo 100 kituoni zilikuwa kilo 300 hivi mtini. Anawajua waliozichuma, maana alikuwapo jioni wakipimiwa pishi zao na kulipwa. Aliona mvua ilivyowakimbiza watu kwenye majamvi, na aliona sura ya baba yake pale karafuu zilizoroana ziliposhushwa daraja.

Lakini somo kubwa zaidi liko kwenye tabia ya mti. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Msimu mkubwa huja mara moja katika miaka mitatu au minne, na katikati yake kuna miaka ya kukwangua. Ada haijui hilo. Ada huja kila mwaka, tena kwa mihula, na shahada ya kwanza ni miaka mitatu au minne. Maana yake ni kwamba kwa nyumba kama hii msimu mkubwa mmoja unatakiwa usomeshe shahada nzima, au binti aanze chuo akijua kuwa mwaka wa pili mikarafuu itakuwa imepumzika. Wapemba wanalijua jambo hili vyema. Ndiyo sababu nyumba zenye nidhamu hazipeleki gunia zote kituoni kwa pupa. Baadhi hubaki ndani na kutolewa moja moja, kwa harusi, kwa ugonjwa, kwa bati. Na nyumba zilizobanwa huuza karafuu zikiwa bado mtini, kwa bei ya mnunuzi, au huweka rahani mikarafuu yenyewe. Si jambo jipya. Madeni ya mashamba ya mikarafuu yaliwahi kuitikisa Zanzibar katika miaka ya 1930 mpaka serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuwalinda wadeni wasipoteze ardhi.

Sasa niambie: binti huyu aliyekulia ndani ya hesabu hiyo, nani anamweleza kwa mdomo? Amekuwapo kwenye majamvi, ameitwa kusomba na kuchambua, lakini jioni mizani ikishasoma na pesa zikishahesabiwa, anaambiwa aende akalale. Tumempa kazi yote tukamnyima hesabu. Mimi naona hapo ndipo tunapompoteza, kwa sababu kilichobaki, yaani kiasi gani kimeingia, kiasi gani ni cha wachumaji, kiasi gani kinawekwa na kwa nini, ndicho kitu pekee atakachokihitaji akikaa mwenyewe kwenye chumba cha kupanga Tunguu.

Kinyume chake kipo pia, nacho hakipendezi. Wakati wa msimu watoto huokota mpeta, zile karafuu zinazoanguka chini, wakawauzia wanunuzi wa vikombe barabarani. Mtoto anapata pesa papo hapo, na anajiona mtu. Lakini kikombe si mizani. Anayenunua ndiye anayeamua kimejaa au hakijajaa, na mtoto hana bei ya kituo kichwani ya kulinganisha. Mamlaka huipiga vita biashara hii kwa sababu inachochea wizi wa karafuu za watu, na hiyo ni hoja ya kweli. Yangu ni nyingine: mtoto aliyezoea vikombe amefundishwa pesa, na amefundishwa kuibiwa, kwa pamoja. Mtoto wa kikombe na yule wa mizani wanaweza kuwa wa kijiji kimoja, wameshika pesa sawa msimu ule, wakafika kidato cha sita wakiwa watu wawili tofauti kabisa.

Wapemba walio nje ya kisiwa wana jaribio lao wenyewe. Duka la Mpemba, liwe Dar es Salaam au Tanga, mara nyingi lina kijana wa miaka 12 au 13 nyuma ya meza baada ya skuli. Anarudisha chenji, anasoma daftari la madeni, anajua mteja gani wa kumkopesha unga na yupi wa kumwambia baba hayupo. Akila pipi ya dukani, inaandikwa. Watu huwacheka Wapemba kwa ubahili. Mimi huona pale jaribio la mafakihi likifanyika kila jioni bila ya mtu kulitaja. Pwani ya kusini Unguja, Paje, Bwejuu na Jambiani, mama wa mwani naye angeweza kufanya vivyo hivyo. Mwani ulioanza kulimwa hapa mwaka 1989 huchukua kama wiki sita kutoka kufungwa kwenye kamba mpaka kuvunwa, na mtoto anayejua kwamba daftari lake ni kilo kadhaa za wiki sita ndani ya maji hatalichana kutengeneza tiara.

Ukanda wa hoteli unahitaji neno lake, kwa sababu huko thamani imepinda. Mtoto wa Nungwi anayepewa dola na mgeni kwa kutabasamu tu anaweza kwa dakika moja kupata kinachomchukua baba yake usiku mzima baharini. Papasi wa mtaani kwao, kijana anayewaandama watalii kuwatafutia huduma, aliyeacha skuli kidato cha pili, ana simu nzuri kuliko mwalimu. Ukimwambia mtoto huyo "soma upate maisha", anakutazama. Hapo hesabu ya maneno haitoshi. Itabidi umuoneshe miezi ya masika, mvua ikinyesha, hoteli zimefungwa nusu, na papasi yule yule anakopa sigara dukani.

Nije kwenye deni, ambalo naona ndilo tunalolikwepa zaidi.

Hakuna mtoto wa Zanzibar asiyejua uzito wa deni. Maziko yoyote aliyohudhuria amesikia mtu wa familia akisimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Madrasa amefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliacha kumsalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Kisha mtoto huyu anafika chuo, anapokea mkopo, na kila mtu anauita bumu. "Bumu limetoka?" Bumu ni la kushangilia, la kununua simu, la kuchangia sherehe. Wazazi nao husema ni pesa za serikali. Katika tangazo la maziko sijasikia hata siku moja Bodi ya Mikopo ikiitwa ijitokeze, ingawa inadai kama mwenye duka anavyodai.

Inadai kwa utaratibu ulio wazi. Kwa mikopo ya Bodi ya Bara, inayowahusu pia vijana wetu wengi wanaosoma upande ule, mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiwakera wengi na kuwapa Waislamu wasiwasi wa riba, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Kilichobaki hasa ni asili ya deni. Tuseme kijana amekopa jumla ya milioni 12 na amepata kazi ya mshahara wa msingi wa Sh 700,000. Makato yake ni Sh 105,000 kwa mwezi. Atalipa kwa miezi 114 au 115, yaani miaka tisa na nusu. Akianza kazi na miaka 24, atamaliza karibu na 34, akiwa labda na watoto wawili. Na hiyo ni kama kazi imepatikana mara moja, jambo ambalo wahitimu wetu wanajua si la kuahidiwa.

Sisemi asikope. Kwa nyumba isiyo na mikarafuu, isiyo na mshahara, mkopo ndio mlango pekee, na deni la elimu ni bora mara nyingi kuliko deni la harusi. Nasema alione akiwa na miaka 15. Akiliona mapema, huenda akauliza maswali ambayo sasa hayaulizwi: fani hii inaajiri wangapi hapa visiwani? Kwa nini niende Dar na kulipa boti, chumba na chakula, kama SUZA ina fani hiyo hiyo na shangazi yangu anakaa Fuoni? Je, kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji au Mkokotoni kisingenipa kazi ya umeme ndani ya muda mfupi, nikajisomesha baadaye? Hayo si maswali ya kumkatisha tamaa. Ni kupatana bei, kule kule mafakihi walikokutaja, na walii bado yupo wa kufunga biashara.

Najua pingamizi. La kwanza ni adabu: mtoto haingizwi kwenye siri za nyumba, akijua kipato cha baba ataropoka mtaani. Labda. Lakini sisi ni watu ambao bei ya kitanda cha biharusi, idadi ya khanga na kiasi cha mahari hutajwa mbele ya watoto mpaka shilingi ya mwisho, na hakuna anayeona haya. Siri yetu inachagua. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtoto wa nyumba maskini akioneshwa hesabu atavunjika moyo, atajiona mzigo, pengine ataacha skuli akatafute. Hilo hutokea, na mzazi anayemtupia mtoto madeni yake kila jioni kwa hasira hafundishi kitu. Kipimo kiwe umri. Mtoto wa miaka 8 anatosha kujua kwamba Sh 500 za skuli zimetoka mahali, na kupewa zikiwa za siku mbili aone atakavyozigawa. Wa miaka 12 apelekwe sokoni na elfu tano na orodha. Hesabu ya mwaka mzima, pamoja na upungufu wake, ingoje mpaka 14 au 15. Simu nayo imeongeza ugumu: zamani mtoto aliona noti zikitoka mkobani, sasa anaona mama akibonyeza tarakimu na mchele unakuja. Basi hata makato ya kutuma na kutoa pesa asomewe, ni somo lililokwisha kulipiwa.

Serikali ina sehemu yake, na sitaki makala hii isomwe kama ya kuwabebesha watoto kosa la ada. Bodi inaweza kuanza na jambo dogo: ukurasa wa kwanza wa fomu ya mkopo uwe na jedwali la marejesho kwa shilingi za kila mwezi, si kwa asilimia, na ukurasa huo ufike skuli kabla ya kidato cha nne. Hapo ndipo mchepuo unapochaguliwa, mchepuo ndio unaoamua fani, na fani ndiyo inayoamua ada. Wizara nayo haihitaji somo jipya. Walimu wa hesabu wanaweza kuacha kuuliza Juma ana maembe mangapi na kuuliza shahada ya miaka mitatu ni kilo ngapi za karafuu. Wazazi wasiwasubiri. Mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza mwakani ana miaka sita kabla ya fomu ile kufika mezani. Kwa hesabu ya mikarafuu ni msimu mkubwa mmoja, akiwa na bahati miwili.